Karata Kwanza, Zege Baadaye

Kwenye begi langu la kazi, pamoja na futi kamba, daftari la stoo na kofia ngumu, huwa kuna pakiti mbili za karata. Watu wa ofisini walishazoea. Wageni wanaokuja kukagua miradi ndio huuliza, na wengine huangaliana kwanza kabla ya kuuliza, maana kwa wengi wetu karata zimekaa jirani na kamari. Naandika haya kwa ajili yao, na kwa ajili yenu wenzangu mnaosimamia ujenzi huku Kigoma, Kasulu, Uvinza na kwingine mnakosoma haya. Nimeona kwa macho yangu karata zikitoa ukweli ambao kikao cha kawaida hakiutoi, na sitaki kukaa na jambo hilo peke yangu.

Kazi yangu ni kusimamia ujenzi wa matangi ya kuvuna maji ya mvua kwenye shule za msingi. Huku kwetu tunapata mvua ya karibu milimita 1,000 kwa mwaka, na milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita 1 ya mraba ya bati inatoa lita 1 ya maji. Chukua jengo la madarasa lenye paa la mita za mraba 200. Mvua ya milimita 10 tu inakupa lita 2,000, ukiacha zinazopotea njiani. Maji yote hayo huwa yanamwagika uani na kuchimba makorongo, halafu kiangazi kikifika watoto wanakuja shule na madumu. Kazi hii naipenda kweli. Ina tarehe isiyobembelezeka: mvua huanza Oktoba au Novemba, na tangi likikutwa halijakamilika, msimu mzima umepita bure.

Sasa tuje kwenye ratiba. Namna tuliyoizoea wengi ni kumuuliza fundi mkuu mbele ya wote: "Mzee, sakafu ya tangi itachukua siku ngapi?" Mzee anasema siku tatu. Tunaandika tatu. Fundi nondo, plamba na vijana wa saidia fundi wanaitikia kwa kichwa, hata yule anayejua moyoni kwamba tatu hazitatosha. Mimi nimelelewa Ujiji, najua kinachotokea pale. Mkubwa akishasema, mdogo kutamka tofauti hadharani ni kumvunjia heshima, na kijana aliyelelewa vizuri hawezi kufanya hivyo kwa sababu ya karatasi ya mradi. Simlaumu hata kidogo. Heshima hiyo hiyo ndiyo inayofanya saiti ikalike, ndiyo inayofanya kijana apokee mzigo mzito mikononi mwa mzee bila kuambiwa. Ila ratiba inayozaliwa hapo ni ya mtu mmoja, ingawa chini yake kuna sahihi za watu saba.

Karata zinafanya hivi. Kila mtu anashika karata sita: ree, mbili, tatu, tano, nane na K. Ree ni siku 1, K ni siku 13, zilizobaki zinajieleza. Mmoja anachukua za kopa, mwingine za uru, mwingine za shupaza, mwingine za maua, kwa hiyo pakiti moja inatosha watu wanne na mbili zinatosha wanane. Ninataja kazi moja, kwa mfano kusuka nondo za ukuta. Kila mtu anachagua karata yake kimya kimya na kuilaza kifudifudi. Tukishalaza wote, nahesabu mpaka tatu, tunafunua kwa pamoja. Aliyetoa ndogo kuliko wote anajieleza, aliyetoa kubwa kuliko wote anajieleza, wengine wanasikiliza. Kisha tunacheza tena kazi ile ile. Kwa kawaida mara ya pili karata zinakaribiana.

Kabla sijazitoa mbele ya mafundi nilikwenda jioni kwa fundi mkuu, mtu wa makamo ya baba yangu, nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza nia yangu. Hili msiliruke. Ukizitoa tu asubuhi bila kumwona mkubwa wa saiti, umemfedhehesha. Kumbe mzee mwenyewe ni mcheza arobastini wa siku nyingi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Binti yangu, kwenye karata hakuna shikamoo. Mtoto akikushika na turufu amekushika." Tangu hapo yeye ndiye anayegawa.

Nieleze siku moja, mambo yaonekane vizuri. Tulikuwa kwenye shule iliyo juu milimani, Julai, udongo mkavu, vumbi linafika magotini. Kazi iliyotajwa ilikuwa sakafu ya tangi la lita 50,000, kuanzia kupanga nondo mpaka zege limwagwe lote. Tulikaa kwenye madawati chini ya mwembe, karata juu ya kipande cha plaiwudi. Tukafunua. Mzee: tatu. Fundi nondo: tano. Plamba: tano. Kijana mmoja wa saidia fundi, mzaliwa wa kijiji kile kile, alikuwa ameweka K.

Wenzake walicheka. Mzee hakucheka, alimwambia, "Haya, tueleze."

Kijana aliinamisha macho. "Samahani sana mzee wangu. Kazi yenyewe ni kama ulivyosema, siku tatu. Tatizo ni maji. Kisima cha hapa mwezi wa nane kinachoka, akina mama wanapanga ndoo toka alfajiri. Tukichota pale kwa ajili ya zege tutagombana na kijiji kizima. Itabidi maji yatoke mtoni, na mtoni ni baiskeli, na kilima chenyewe ndicho hicho."

Nilipiga hesabu pale pale kwenye daftari. Sakafu ile inakula mifuko 28 hivi ya saruji, na kila mfuko unataka lita 25 mpaka 30 za maji. Hayo ni karibu madumu 40 ya lita 20 kwa kuchanganyia peke yake, na bado hujaosha kokoto wala hujaanza kumwagilia zege, ambalo lisipokaa na unyevu kwa siku zisizopungua 7 litapasuka. Katika mpango wetu maji yalikuwa yameandikwa kwa neno moja tu: "yapo". Ni kweli yalikuwapo, ila yalikuwa ya watu wengine.

Mzee alimtazama kijana, akasema, "Hiyo K yako ni halali." Tukaahirisha mengine yote, tukaongelea maji. Tulikodi tangi la plastiki, tukapatana na vijana wa baiskeli wajaze polepole jioni za wiki nzima kabla ya siku ya zege, wakati mtoni hakuna foleni. Kijana yule yule ndiye aliyewatafuta, maana ni wa nyumbani kwao.

Wataalamu wa mipango wana kanuni ya kuunganisha makisio ya namna hii. Ilitoka kwenye jeshi la majini la Marekani mwaka 1958, wakati wa mradi wa makombora ya Polaris. Unachukua kisio la mwenye matumaini, unajumlisha kisio la katikati mara 4, unajumlisha la mwenye hofu, unagawanya kwa 6. Kwa karata zetu za siku ile ni 3, jumlisha 20, jumlisha 13, jumla 36, gawa kwa 6, jibu ni siku 6. Naitumia kanuni hiyo ninapojaza fomu za ofisini, kwa sababu ofisi inataka namba. Ila nawasihi, msikimbilie kugawanya. Ile K ya kijana ukiifanyia wastani unaizika. Inatakiwa ihojiwe ikiwa peke yake, mpaka iseme ilichobeba.

Wala huu si uvumbuzi wangu. Kucheza karata kukisia kazi kulibuniwa mwaka 2002 na James Grenning, Mmarekani, kwa ajili ya watu wanaoandika programu za kompyuta. Na kabla yake, miaka ya 1950, taasisi ya RAND huko huko Marekani ilikuwa inawauliza wataalamu maoni yao kila mmoja kwa maandishi, bila kuonana, ili mwenye jina kubwa asiwavute wengine. Nilipoyasoma haya mara ya kwanza nilifurahi kugundua kwamba shida ya mdogo kumwogopa mkubwa haiko chini ya mwembe wetu tu. Hata wenye maabara na kompyuta imewasumbua, na wao pia walihitaji kanuni ya kuwavusha.

Wapo wasiogusa karata kabisa kwa sababu za dini, na nawaheshimu. Tulikuwa na fundi mmoja wa namna hiyo, mtu wa swala tano. Tulikata vipande vya boksi, tukaandika namba kwa kalamu, akalaza chake pamoja na sisi. Kinachohitajika ni kulaza kifudifudi na kufunua pamoja tu, kopa na shupaza ni mapambo. Na pesa haiwekwi mezani, hata ya soda.

Vijana wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo huwa nawachezesha mchezo mwingine, na huu nimeutunga mwenyewe. Ni wa meli yetu, Liemba. Kila hatua ya safari yake naiandika kwenye kipande cha karatasi, nazichanganya, nawapa wazipange: ipi lazima itangulie ipi, na zipi zinaweza kwenda pamoja. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Iliunganishwa kule ili kuhakikisha inakaa sawa, ikafunguliwa tena, ikapakiwa kwenye makasha 5,000, ikaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam, ikapanda treni, ikaunganishwa upya hapa Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Vijana wengi huanza na meli. Nawaacha kwanza, halafu naweka mezani karatasi moja zaidi: reli ifike Kigoma. Reli ilifika hapa mwaka 1914. Hapo wanaanza kuhamisha karatasi zao, kwa sababu wanaona kwamba makasha 5,000 yangefika Dar es Salaam hata mapema kiasi gani, bila reli yangebaki kulinda bandari. Shughuli ambayo ikichelewa siku moja mradi mzima unachelewa siku moja, hiyo ndiyo ya kukesha nayo. Kampuni za DuPont na Remington Rand za Marekani ziliifanyia hesabu zake rasmi kuanzia mwaka 1957, lakini reli yetu ilikuwa imeshalifundisha somo hilo miaka mingi kabla.

Karatasi ya mwisho kwenye mchezo huo imeandikwa "paka injini grisi". Hakuna anayejua aiweke wapi. Wanaiweka kiwandani, wanaiweka kwenye treni, wanabishana. Ndipo ninapowaambia kwamba mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha meli hiyo wenyewe, adui asiichukue, na mafundi wao walipaka injini grisi nyingi kabla haijazama, wakitegemea kuirudia. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Napenda sana uso wa kijana anapoisogeza karatasi ile mpaka mahali pake, katikati ya vita, na kuelewa kwamba kuna mtu alikuwa anafanya kazi kwa ajili ya siku ambayo hakuwa na hakika nayo.

Bao nalo ndilo limenifundisha akiba.

Baba yangu ni mstaafu wa reli, na barazani kwetu Ujiji bao halikosi. Alinifundisha nikiwa mdogo, ingawa wazee wenzake waliona si mchezo wa mtoto wa kike. Kwa msiolijua: bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Mnaanza kila mmoja akiwa na kete 10 ubaoni, yaani 6 kwenye nyumba, shimo maalumu la kila mchezaji, na 2 kwenye kila moja ya mashimo mawili yanayoifuata. Kete 22 zilizobaki unazo mkononi. Hatua hiyo ni namua: kila zamu unaingiza kete moja tu, na hiyo moja inaweza kula za mwenzako au ikaishia kutakata, yaani kutembeza kete zako bila kula. Zikiisha mkononi mnaingia mtaji, na kuanzia hapo kila ulicho nacho kiko ubaoni.

Nyumba ndiyo roho ya namua. Ukiwa umekula, mwendo wako ukaishia kwenye nyumba yako nayo ina kete 6 au zaidi, una hiari. Unaweza kulala, nyumba ikabaki ilivyo. Au unaweza kusafiri nayo, ukazichota zote na kuzimwaga shimo kwa shimo. Kusafiri kunapendeza, watazamaji wanashangilia, kete zinatembea ubao mzima. Ila ukishasafiri, nyumba huna tena. Baba hakuwa analala kwa woga wala kusafiri kwa kushangiliwa. Macho yake yalikuwa kwenye mashimo ya mwenzake: atakula nini zamu ijayo, na mimi nitabaki na nini.

Kwenye saiti zetu kuna mifuko 12 ya saruji inayokaa stoo tangu siku ya kwanza, na mafundi wote wanaiita nyumba. Hailetwi kwa kazi yoyote iliyo kwenye ratiba. Kuna mwaka lori la saruji lilikwama njiani na sakafu ilikuwa tayari kumwagwa, nondo zimefungwa, vijana wamesimama na machepe. Mmoja akasema tuanze na hiyo 12, lori litatukuta njiani. Ilikuwa ni rai yenye mantiki kwa mtu anayehesabu siku. Lakini sakafu ya tangi humwagwa mara moja. Ukiimwaga leo nusu na kesho kutwa nusu, pale zege la zamani linapokutana na jipya pana mstari, na maji yatautafuta mstari huo mpaka yaupate. Mifuko 12 haifiki hata nusu ya 28. Mzee alinitazama, mimi nikamtazama, akasema, "Tunalala." Siku zile tukafunga mifereji ya bati, kazi iliyokuwa imepangwa mwishoni. Lori likaja, sakafu ikamwagwa kwa pumzi moja.

Tulisafiri na nyumba baadaye, Oktoba, ukuta umesimama, mawingu yanajikusanya upande wa Kongo kila alasiri, na saruji ya plasta ya ndani ikawa haijafika. Tulichota yote 12 kwa siku moja. Plasta ikapata siku zake za kumwagiliwa kabla ya mvua kubwa. Mkaguzi wa hesabu aliniuliza kwa nini akiba ilikaa miezi bila kuguswa halafu ikaisha siku moja. Nilimweleza kwa kuchora ubao wa bao nyuma ya daftari lake. Ni mtu wa pwani, alielewa haraka kuliko nilivyotegemea, tukaishia kubishana kuhusu kutakata.

Kuna mchezo mmoja nimeukataa kazini, na nitaendelea kuukataa. Kwenye mradi niliowahi kufanyia kazi zamani, sitautaja, mfadhili alileta wazo la pointi. Kila saiti ilikuwa na ubao wa nyota, nyota kwa kila kazi iliyomalizika kabla ya siku yake, na timu yenye nyota nyingi mwisho wa mwezi ilipewa fulana na vocha. Nia yao ilikuwa njema, waliona wanachangamsha watu. Mimi niliona mambo mawili yakitokea. La kwanza, kazi isiyoonekana ilianza kurukwa: nani atapoteza wiki kumwagilia plasta wakati nyota inatolewa plasta ikishapigwa? La pili ndilo lililonisumbua zaidi. Watu waliacha kusema matatizo. Ufa mdogo ulifunikwa kwa chokaa, kwa sababu kuusema kulikuwa na gharama ya nyota.

Ukitazama kwa juu, karata zangu na nyota zao zote ni michezo. Lakini karata zinamuuliza mtu anachokijua na kumkinga anapokisema. Nyota zilimlipa anyamaze. Ndiyo maana nikisikia ofisi inataka "kuweka mchezo kwenye kazi", swali langu la kwanza ni moja tu: mtu akileta habari mbaya katika mchezo huo, anapata nini?

Na nyumbani je? Hapa watu hudhani nina ratiba ya kila kitu, mpaka ya usingizi. Nyumbani nafuma. Kroshia, vitambaa vya makochi, vya meza, kofia za watoto wachanga wa ndugu na jirani. Uzi naununua soko la Mwanga, sindano yangu ni ya mama, ya chuma, imeng'aa pale kidole kinapokaa. Mduara unaanza na vifundo 6, mzunguko wa pili 12, wa tatu 18, wa nne 24, na unaongeza 6 kila mzunguko. Ukizidisha, kitambaa kinafanya mawimbi. Ukipunguza, kinaanza kujikunja juu, na hapo unaweza kuamua kwamba basi, kitakuwa kofia. Napenda sana uhuru huo wa kubadili nia katikati. Kazini sina. Tangi likishaanza kuwa tangi haliwezi kuamua kuwa kisima.

Mwenzangu mmoja wa ofisini, mtu mwema kabisa, aliona vitambaa vyangu akanishauri niviingize kwenye ile programu ya simu tunayotumia kazini: safu ya vinavyosubiri, safu ya vinavyoendelea, safu ya vilivyokamilika. Niweke lengo la mwezi, nipate na oda. Alinionyesha hata jinsi ya kuweka kikumbusho. Nilimshukuru na nikamwambia hapana, tena bila kusitasita. Uzi una jambo ambalo zege halina: unafumuka. Mzunguko wa kumi na tano ukienda kombo, unavuta tu, unarudi mpaka pale palipokuwa sawa, uzi uko vile vile, hujapoteza chochote isipokuwa jioni ambayo hata hivyo ulikuwa unaifurahia. Zege lililokosewa linavunjwa kwa nyundo kubwa na mtu analipwa kulivunja. Siku nzima nabeba maamuzi yasiyofumuka. Jioni nahitaji mahali ambapo kuna mambo yanayofumuka, na hakuna mtu anayeandika taarifa juu yake. Nikiweka tarehe pale, nimelihamishia tangi sebuleni.

Nawajua wengine wenye kipaji cha kufanya hobi iwe biashara, nawaombea heri, na wengi wanalisha familia kwa hiyo. Mimi naongelea yule mwenye mshahara tayari na bado anataka kila anachokipenda kiwe na lengo la mwezi. Michezo iingie kazini kwa milango yote, mimi nitaifungulia. Ofisi ikibisha hodi kwenye kufuma kwangu, nitatoka nje tuongelee barazani.

Sasa hivi tuna shule nyingine inayotusubiri, kiangazi kikianza tutakuwa huko. Kuna jambo jipya nataka kulijaribu. Nguvu kazi ya kijiji, yaani kusomba mchanga, mawe na maji, kwa sehemu kubwa inafanywa na akina mama, lakini kwenye kukisia siku wao hawamo, wanawakilishwa na kamati. Nataka wawili wao wakae kwenye plaiwudi na karata zao sita. Mtendaji wa kijiji amekubali, ila anataka naye akae. Hapo ndipo nimekwama kidogo, kwa sababu akina mama wale shughuli zao nyingi zinapitia mikononi mwake, na sijui kama kifudifudi kinatosha kumkinga mtu mbele ya anayemgongea mhuri. Nimemwuliza mzee. Ameniambia nimwombe mtendaji awe ndiye mgawaji wa karata, maana mgawaji ana heshima yake, lakini kwa mpango wetu wa siku hiyo, tofauti na mzee ambaye hugawa na kulaza, yeye hatalaza yake. Yeye mzee yuko tayari kumwachia nafasi hiyo kwa siku moja, na ameshaanza kutafuta namna ya kumweleza.